Nainokanoka: Nchi Iliyo Nyuma ya Ukingo



Mgeni aendaye Ngorongoro, akishaiacha lami ya Karatu nyuma yake na kulipita lango la Lodoare, na gari lake likaanza kuiparamia ile njia ya vumbi jekundu ipandayo ndani ya msitu mzito wenye unyevu, hufika ukingoni mwa kreta, akashuka, akatazama chini kiasi cha mita 600, akaliona lile bonde la duara ambalo sifa zake zimekwisha kuenea duniani kote, akapiga picha zake, kisha akateremka kwenda kuwatazama simba na faru, na jioni akarudi alikotoka hali akiamini kwamba Ngorongoro ameimaliza. Simlaumu, kwani uzuri ule ni wa haki na macho hayana pazia. Lakini mwenyeji wa nchi ile, lau angeulizwa, angemjibu kwa upole kwamba alichokiona ni maskani ya wanyama, na kwamba maskani ya watu yalikuwa mgongoni mwake muda wote alipokuwa ameinama pale ukingoni.

Huko mgongoni, upande wa kaskazini na mashariki ya kreta, iko nchi ya juu yenye majani mafupi, ukungu mwingi na ng'ombe wengi, nayo ndiyo Nainokanoka, kata ya wilaya ya Ngorongoro katika mkoa wa Arusha, ambayo jina lake aghalabu hutajwa na wageni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba pale ndipo huanzia matembezi ya miguu ya kuupanda mlima Olmoti. Nimekusudia jioni hii kuizungumza kata hiyo na watu wake, kwa kuwa nina rai ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha: mtu atakaye kuyahukumu mambo ya Ngorongoro, ambayo katika miaka hii yamekuwa maneno ya bunge, ya magazeti na ya mahakama, hana budi kwanza aipe kreta kisogo, na aitazame nchi yote kutokea Nainokanoka.

Na tuanze na baridi, maana ndiyo impokeayo mgeni kabla ya mwenyeji hajampa mkono. Kijiji kipo kwenye kimo cha kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati sisi watu wa pwani tunapofungua madirisha usiku tukiushukuru upepo wa kusi, kule juu alfajiri hupambazuka na umande ulioganda juu ya majani, na wachungaji hutoka bomani wamejifunika mablanketi mazito juu ya shuka zao, na ukungu umelala chini kiasi kwamba mtu huisikia njuga ya ng'ombe asimwone ng'ombe mwenyewe. Ajabu ni kwamba baridi hiyo na ukungu huo asili yake ni kwetu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, zikiisha kuivuka nyika yote ya bara, hukutana na ukuta wa milima ile, zikalazimika kupanda, na katika kupanda zikapoa na kuumwaga unyevu wake juu ya miteremko ya mashariki; na hata zikivuka kwenda upande wa machweo zimekwisha kuwa kavu, ndiyo maana mashariki kuna msitu wenye kivuli, ilhali bonde la Oldupai, ambalo si mbali, ni nchi ya vumbi, miiba na kiu.

Maji hayo yamwagikayo juu ndiyo siri ya nchi nzima. Olmoti, wenye kimo cha mita 3,100 hivi, nao ni mlima wa moto uliozimika zamani, wenye kreta yake pana isiyo na kina, iliyofunikwa majani, na katika majani hayo maji ya mvua hujikusanya polepole hata yakawa mto uitwao Munge, ambao huutoboa ukingo wa kusini, ukaanguka kwa maporomoko ndani ya korongo, ukapita katika nchi ya Nainokanoka, kisha ukateremka ukuta wa Ngorongoro na kuingia katika kreta kuu, ukayanywesha madimbwi ya Mandusi na kuishia katika ziwa la chumvi liitwalo Magadi. Kwa hiyo kiboko ambaye mtalii hulipa fedha nyingi kumtazama akipumua majini, na heroe waliosimama kwa maelfu katika ziwa lile, sehemu kubwa ya riziki yao hupita kwanza katika malisho ya watu ambao mtalii huyo hakuwaona. Wala si wanyama peke yao wanufaikao, kwani misitu ya miinuko hii ndiyo ilishayo chemchemi za Karatu, ambako Wairaqw hulima mahindi na ngano, na ambako mashamba ya kahawa yamepangwa chini ya Oldeani tangu siku za walowezi wa Kijerumani.

Mtu akiendelea mbele kutoka Nainokanoka kuelekea kaskazini mashariki, huiona nchi ikifunguka kuwa uwanda mpana wa majani uitwao Embulbul, uliozungukwa na milima kama vile Lolmalasin, ambao una zaidi ya mita 3,600 na ni wa tatu kwa urefu katika Tanzania baada ya Kilimanjaro na Meru, ijapokuwa watoto wengi wa shule zetu wataweza kuutaja ule wa kwanza na wa pili na wasiwahi kulisikia jina la wa tatu. Mbele yake tena, baada ya Bulati, iko kreta ya Empakaai, yenye ziwa la kina kirefu lililozungukwa na msitu; na mwenye kusimama ukingoni mwake siku isiyo na mawingu huuona chini kwa mbali Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa itikadi ya Wamaasai, ambao hata leo haujazimika, na ambao majivu yake, yaliyopeperushwa kwa karne nyingi, ndiyo yaliyourutubisha uwanda wa Serengeti ukaota yale majani mafupi matamu yapendwayo na nyumbu.

Sasa tuwatazame watu wenyewe. Wengi wao ni Wamaasai wafugaji, nao hukaa katika maboma, yaani duara la nyumba lililozungushiwa ua, na zizi likawa katikati. Nyumba ni kazi ya mwanamke tangu mti wa kwanza hadi mkono wa mwisho wa samadi na udongo upakwao ukutani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeijenga, mume huingia humo akijua kwamba yumo katika nyumba ya mkewe. Kwa sababu ya baridi nyumba za huku juu hujengwa chini na kuzibwa barabara, moto haulali, na ndama wachanga hulazwa ndani pamoja na watu. Maziwa pia ni milki ya mwanamke: ndiye akamuaye, ndiye agawaye, ndiye ajuaye kila kibuyu ni cha nani, na vibuyu hivyo huvifukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien, ambao ni jamaa ya mzeituni, hata maziwa yakapata harufu ya moshi ambayo mgeni huishangaa siku ya kwanza na kuitamani baada ya hapo. Mahindi nayo yameingia katika chakula chao cha kila siku, ama kwa uji, ama kwa loshoro, ambayo ni mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Na jambo hili la mahindi, wasikilizaji, naomba mlishike, maana tutalirudia, kwa kuwa limebeba nusu ya matatizo ya nchi ile.

Kwa adabu watu hawa hawana wa kuwafundisha. Mtoto akikutana na mkubwa humwinamishia kichwa, naye mkubwa humgusa utosini kwa kiganja, na bila ya tendo hilo mazungumzo hayaanzi. Mwanamke huamkiwa kwa neno lake, takwenya, naye akajibu iko, na mwanamume kwa lake, na kila rika lina daraja yake isiyorukwa. Mambo ya jamii huamuliwa barazani, chini ya mti au kwenye kilima chenye jua la asubuhi, na mlaigwanani wa rika, ambaye ni msemaji na mshauri aliyechaguliwa tangu ujana kwa busara yake na utulivu wake, hushika rungu lake jeusi na kungoja kila mwenye neno alimalize, wala haamui kwa kuhesabu mikono, bali huyazungusha maneno hata yatakapokutana.

Lakini serikali ya Nainokanoka haikuishia kwa mlaigwanani. Kata ina diwani aliyepigiwa kura na mtendaji aliyeajiriwa, kijiji kina mwenyekiti na halmashauri yake, kama ilivyo katika kata yoyote ya Tanzania kutoka Kagera hadi Mtwara. Fauka ya hayo, kwa kuwa ardhi yote imo ndani ya hifadhi, iko Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo kwa sheria ndiyo yenye kusema wapi mtu ajenge na wapi asijenge, wapi alishe na wapi asilishe. Pia liliundwa Baraza la Wafugaji ili wenyeji wapate mahali pa kusemezana na Mamlaka hiyo na sehemu ya mapato ya utalii iwafikie kwa njia ya elimu na chakula. Kwa hivyo mtu wa Nainokanoka atakaye kuezeka bati nyumba ya kudumu ana milango mingi ya kubisha kuliko mwenzake wa Karatu, ambaye anakaa mwendo wa saa chache tu chini yake.

Mfugaji wa nchi hii hakai pahali pamoja mwaka mzima, na sababu zake si ukaidi wala kutangatanga, kama walivyodhani maofisa wengi wa zamani, bali ni elimu iliyopimwa kwa vizazi. Kama vile mabaharia wa majahazi yetu walivyojua kwamba kaskazi ina safari yake na kusi ina safari yake, na aendaye kinyume atakuwa amejitakia hasara, ndivyo Mmaasai ajuavyo kwamba nyanda za chini zina msimu wake na miinuko ina msimu wake. Nyumbu wahamao Serengeti huzalia katika nyanda zile baina ya Januari na Machi, na ndama wao wachanga hubeba maradhi ambayo hayamdhuru nyumbu mwenyewe, lakini yakimpata ng'ombe, hapana dawa. Kwa sababu hiyo, wakati huo huo ambao majani ya chini ni matamu kupita yote, mfugaji hulazimika kuwaondoa ng'ombe wake na kuwapandisha milimani. Zamani walipokuwa nyumbu wachache baada ya maradhi ya sotoka, mzigo huo ulikuwa mwepesi; lakini tangu sotoka ilipodhibitiwa katika miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka hata wakazidi milioni moja, na nchi ya juu ikabidi ibebe ng'ombe wengi zaidi kwa muda mrefu zaidi.

Na huku juu nako si pepo. Miinuko ina kupe, na kupe huleta ndigana kali, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikifyeka ndama, pamoja na maradhi mengine ambayo wenyeji huyaita ormilo, ambayo humfanya ng'ombe azunguke mahali pamoja kama mwenye kizunguzungu hata aanguke. Na chanjo ya ndigana ilipofika ilipokewa kwa furaha kuliko msaada mwingi uliotangazwa kwa ngoma. Tena kuna majani magumu yaotayo kwa vishungi, wanayoyaita makutian, ambayo ng'ombe hawezi kuyala, nayo huenea palipokuwa na malisho mema. Wazee husema kwamba dawa yake ilikuwa moto, wakichoma sehemu kwa sehemu katika majira yake, hata majani laini yakachipua na kupe wakapungua, na kwamba tangu moto ulipokatazwa makutian na kupe wamepata nafasi. Wataalamu wengi wamekuja kukiri kwamba katika neno hilo wazee wana hoja. Na ni funzo kubwa kwa kila mwenye kuandika sheria ya nchi asiyoilalia.

Wamaasai nao, kwa kusema kweli, si watu wa kwanza wa milima ile. Kabla yao walikuwako Wadatoga, ambao katika karne ya 19 walisukumwa kuelekea kusini kwa vita, na ambao makaburi ya wazee wao yaliyomo ndani ya kreta wanayaheshimu hata hivi leo. Na chini ya ukuta wa mashariki, kule Engaruka, yako magofu ya vijiji na mifereji ya mawe ya wakulima ambao walilima kwa kumwagilia tangu karne ya 15 hata karne ya 18, wakiyatumia maji yateremkayo kutoka milima hii hii. Mwaka 1892, Oscar Baumann, mtu wa Austria aliyekuwa katika kazi ya Wajerumani, alipofika ukingoni mwa Ngorongoro aliwakuta Wamaasai katika msiba ambao haujapata kusahauliwa, kwani sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe wao, na ndui na njaa zikafuata kuwaua wenyewe, hata watu waliobaki wakawa vivuli vya watu. Katika udhaifu huo ndipo ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walipojipatia mashamba ndani ya kreta, na mmojawao akajenga nyumba karibu na maji ya Munge. Nao waliondoka kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaacha kuta.

Yaliyofuata ni historia ya sheria, na kwa kuwa sheria ndiyo iliyoifanya Nainokanoka iwe kama ilivyo, tutaipita kwa utaratibu. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliifanya Serengeti kuwa hifadhi ya taifa, na Ngorongoro ikiwamo ndani ya mipaka yake, na muda si muda ikadhihirika kwamba kuwako kwa watu ndani ya hifadhi ya namna hiyo ni ugomvi usiokwisha. Baada ya kamati na mabishano, mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini maafikiano ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 ikatungwa sheria ya kuanzisha Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kiasi cha kilomita za mraba 8,300, ambamo kwa mara ya kwanza ilikubaliwa kwamba watu wenye mifugo na wanyama wa mwitu watakaa katika nchi moja, na kila mmoja atakuwa na haki yake. Ahadi hiyo ilikuwa jambo geni duniani kote, na kwa ajili yake Ngorongoro imesifiwa kuliko kwa ajili ya simba wake. Na baadaye, mwaka 1979, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia kwa sababu ya maumbile, na mwaka 2010 ikaongezewa heshima ya urithi wa utamaduni.

Lakini ahadi ni deni, na deni hili limekuwa likilipwa kwa mafungu yanayopungua. Mwaka 1974 wale waliokuwa wakikaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa, ikaunda Mamlaka, na kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela, baada ya kuiona njaa ya wenyeji, aliondoa marufuku hiyo, na huku juu Nainokanoka, ambako udongo ni mweusi na mvua ni ya uhakika, mashamba madogo ya mahindi, viazi na maharage yakachipuka kando ya maboma, ingawa pia walijitokeza wakulima wageni waliokuja kuitafuta nafasi hiyo. Mwaka 2009 marufuku ikarudi. Na katika miaka hii ya karibuni mifugo imekatazwa hata kuingia katika kreta za eneo hilo kwa maji na chumvi, na miongoni mwa kreta hizo zimo Olmoti na Empakaai, ambazo ndizo zilizo jirani na maboma tunayoyazungumza.

Hapo ndipo mahindi yanaporudi. Mfugaji aliyekatazwa jembe hawezi kuishi kwa maziwa peke yake isipokuwa awe na ng'ombe wengi, na ng'ombe kwa kila mtu wamekuwa wakipungua mwaka hata mwaka, kwa kuwa watu wameongezeka na malisho hayakuongezeka. Basi humwuza ng'ombe, au mara nyingi kondoo na mbuzi, ili anunue mahindi yaliyopandishwa kutoka Karatu kwa gari na kumaliziwa safari kwa punda. Na mwaka wa ukame, ambapo bei ya mnyama huanguka siku ile ile ambayo bei ya debe la mahindi hupanda, huuza wawili kupata kile ambacho mwaka wa neema angekipata kwa mmoja. Mtu akiisha kulifahamu jambo hilo, atafahamu kwa nini kijana wa Nainokanoka, ambaye babu yake angeona aibu kumlindia mtu baki, leo huonekana usiku akishika rungu mlangoni mwa duka huko Arusha, Dar es Salaam na hata Zanzibar, akipeleka nyumbani mshahara wake ili wazee wasimalize zizi.

Insafu yataka na upande wa pili usikilizwe, nao si upande wa wajinga wala wa maadui. Ilipotungwa sheria ya 1959 wakaazi wa eneo zima walikuwa kiasi cha 8,000. Hesabu iliyofanywa mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 93,000, na hapana mtu wa haki awezaye kusema kwamba nchi ile ile itabeba idadi yoyote milele bila ya kuchoka. Msitu ukikatwa, Munge utakauka, na Munge ukikauka kreta haitakuwa kreta. Na mapato ya utalii, ambayo hulipia shule na hospitali za Watanzania walio mbali kabisa na milima ile, yatakauka vilevile. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Ila naona kwamba imezoea kusemwa kana kwamba watu ni sababu peke yao, bila ya kuwataja nyumbu waliozidi, moto uliokatazwa, njia za malisho zilizofungwa, na magari ya watalii yanayopishana; na wanaikolojia Katherine Homewood na Alan Rodgers, waliofanya utafiti katika nchi hiyo hiyo na kuchapisha kitabu chao mwaka 1991, walifika katika rai kwamba ufugaji wa Kimaasai haukuwa adui wa maumbile yale, bali ni sehemu ya historia iliyoyafanya yawe yalivyo.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamisha, kwa hiari kama ilivyosema yenyewe, watu wa Ngorongoro kwenda Msomera, katika wilaya ya Handeni mkoani Tanga, kwa kuwapa nyumba na ardhi, na wako waliokubali wakaenda, na wako waliokataa wakabaki. Sitamlaumu aliyekwenda, kwani mtu huijua njaa ya nyumbani mwake. Wala sitamshangaa aliyebaki, maana kumtoa mtu katika nchi ya ukungu na kumpeleka katika nchi ya joto si kuhamisha vyombo tu, bali ni kuibatilisha elimu yake yote ya majani, kupe na majira. Agosti 2024 lilipotoka tangazo la serikali la kuzifuta kata na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro katika orodha ya maeneo ya utawala, wenyeji walitoka kwa maelfu wakakaa barabarani kwa siku kadhaa, wanawake na wazee wakiwamo, mpaka Mahakama Kuu huko Arusha ikalisimamisha tangazo lile. Na Desemba mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa kimila na wananchi mjini Arusha, akaahidi tume mbili, moja ya kuyachunguza malalamiko ya ardhi, na nyingine ya kulitazama zoezi la kuhama lenyewe.

Watu walioiona kwa mbali hatua ile ya kukaa barabarani walishangaa kuona wafugaji wakidai kwa nguvu namna ile jina la kata na kituo cha kupigia kura. Mimi sikushangaa, kwa kuwa milima hii imekwisha kutoa mtu aliyelifahamu jambo hilo mapema. Moringe ole Parkipuny alizaliwa Nayobi, katika pembe ile ile ya miinuko, akasoma hata chuo kikuu, akawa mbunge wa Ngorongoro katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 alisimama Geneva mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichoshughulikia mambo ya watu wa asili, akawa Mwafrika wa kwanza kuzungumza katika kikao kile. Alifariki mwaka 2013. Alichokifahamu yeye, na ambacho wenyeji walikionyesha barabarani mwaka 2024, ni kwamba mtu asiyeandikwa katika daftari la serikali hana mahali pa kupeleka hata malalamiko yake. Na kwa hivyo kata kwa mtu wa Nainokanoka si mstari wa karani tu, bali ndiyo dhamana ya kwamba ataulizwa kabla ya kuamuliwa. Kizazi kipya kinalijua hilo zaidi, maana watoto walioanza darasa la kwanza hali hawajui ila Kimaa leo wanazisoma sheria hizi kwa Kiswahili, nao huwasomea baba zao.

Alhasili, sidai kwamba ninayo fatwa ya kuumaliza ugomvi wa Ngorongoro. Ninalolidai ni dogo na ni la lazima. Maadamu ahadi ya 1959 ilitolewa kwa watu wenye majina, waliokaa barazani wakasikiliza na wakatoa Serengeti kuwa badala yake, haiwezi kufutwa kwa tangazo, wala kupunguzwa kipande kwa kipande huku ikiendelea kusifiwa katika vitabu vya wageni. Ikiwa imeshindikana, isemwe wazi kwamba imeshindikana, wakaitwe warithi wa wale wazee 12, na mashauri yaanze upya kwa lugha yao na kwa utaratibu wao wa kuyazungusha maneno hata yakutane. Na tume yoyote itakayotumwa, nashauri isikae katika hoteli za ukingoni, bali ipande Nainokanoka, ilale huko katika Julai, ikanywe maziwa ya moshi na kuuliza bei ya debe la mahindi, kisha ndipo iandike. Kwani aisifuye mvua imemnyea, na mwenye kuihukumu nchi ya mwenziwe, jambo dogo kabisa atakalodaiwa ni kuwa amepata kuumwa na baridi yake.